Je, Wajua? Bakteria wa Tumboni Ndio Mafundi wa Protini ya Ubongo

Kajiado watu huitaja kwa ng'ombe, saruji na bei ya ploti. Mambo ya ubongo tumewaachia madaktari wa Nairobi. Lakini ukitoka Entarara na Kitengela ukashuka hadi Magadi, utakuta visa vinavyoigusa bidhaa moja ya ajabu sana ya maabara: protini rekombinanti, yaani protini ya kiumbe kimoja iliyotengenezwa na kiumbe kingine kilichopandikizwa jeni. Safari hii tunaangalia zile za ubongo na jamaa zake wa karibu. Kaa kitako.

Kichupa kitupu chenye trilioni 200

Ukiagiza protini ya ubongo wa binadamu kwa ajili ya maabara, kifurushi kikifika utadhani umetapeliwa. Kichupa ni kidogo kama kidole cha mwisho, na hata ukikiinua kwenye mwanga huoni kitu. Mzigo wenyewe, mara nyingi mikrogramu 10 tu, umekaushwa kwa baridi ukabaki utando mwembamba uliogandia ukutani au chini ya kifuniko. Ndiyo maana mtafiti mzoefu hana haraka ya kukifungua. Kwanza hukizungusha kwa kasi kwenye mashine ili kila kilichomo kiteremke, kisha hutia matone machache ya maji safi na kusubiri.

Usikidharau. Tuseme ni BDNF, protini inayozisaidia seli za neva kuishi na kuota matawi. Katika mikrogramu 10 mna molekuli zaidi ya trilioni 200. Ukizigawia watu wote duniani, kila mtu atapata zaidi ya 25,000. Seli za neva zinazokuzwa maabarani huridhika na takriban nanogramu 50 kwa kila mililita, kwa hiyo kichupa hicho kinatosha mililita 200, glasi nzima ya chakula chao. Lebo nayo haina utani: kwa utafiti pekee, si kwa matumizi ya binadamu.

Kondoo 500,000 kwa miligramu 5

Mwaka 1973 kundi la Roger Guillemin huko California lilitangaza kuipata somatostatini, homoni ya ubongo inayozuia homoni ya ukuaji isimwagike kupita kiasi. Kazi hiyo ilianzia machinjioni. Kipande kidogo cha chini ya ubongo, hipothalamasi, kilichomolewa katika kichwa cha kondoo mmoja baada ya mwingine, na hesabu inayotajwa hadi leo ni kondoo nusu milioni kwa miligramu 5 za homoni.

Hebu tuilete hesabu hiyo nyumbani. Mwenye bucha Kitengela akichinja kondoo 10 kila siku, asipumzike Idi wala Krismasi, atahitaji miaka 137 kufikisha idadi hiyo. Kama angemaliza leo, ingebidi awe alianza kabla reli haijafika Nairobi.

Sasa sikia kilichofuata. Mwaka 1977 Keiichi Itakura, Arthur Riggs, Herbert Boyer na wenzao walipata kiasi kama hicho kutoka kwa lita 8 hivi za bakteria. Ilikuwa mara ya kwanza homoni ya binadamu kutengenezwa na bakteria, na kati ya homoni zote ikawa hii ya ubongo. Wala hawakumchoma mtu sindano kutafuta jeni. Waliiunga wenyewe, herufi kwa herufi.

Waliwezaje? Chukua protini kama uzi wa shanga, kazi ambayo akina mama wa Kimaasai hawahitaji kufundishwa. Shanga zenyewe ni asidi amino, nazo ni za aina 20. Somatostatini ina shanga 14 tu, na kila ushanga huandikwa kwa herufi 3 za DNA, kwa hiyo herufi 42 zilitosha kutoa maagizo. Tatizo likawa kwamba bakteria walikuwa wakiutafuna uzi huo mfupi mara tu wanapouunda. Watafiti wakaufunga kwenye mkia wa protini kubwa ya bakteria wenyewe, usitambulike, kisha wakaja kuukata kwa kemikali baada ya mavuno. Ujanja wa sungura, huo.

Ukoo uliotoka kwenye kinyesi cha mwaka 1922

Fundi anayefanya kazi hii ni E. coli, yule yule tunayeambiwa amepatikana kwenye maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo. Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885 baada ya kumwona kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Mojawapo ya koo zake mashuhuri za maabara, K-12, ilitoka kwenye kinyesi cha mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu ya dondakoo huko Palo Alto, California, mwaka 1922. Mgonjwa alienda zake. Bakteria wake wamesambaa katika maabara za dunia nzima, wamedekezwa vizazi na vizazi hata nguvu za kuleta ugonjwa wakawa hawana.

Sifa yao kubwa ni kuzaana. Wakishiba, huongezeka mara mbili kila dakika 20. Anza na mmoja saa kumi na mbili jioni. Laiti chakula kingetosha, kufikia saa kumi na mbili asubuhi wangekuwa bilioni 68. Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Wape dakika 20 nyingine na wanaupita!

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi wanavyoamrishwa kuanza kazi. Mtafiti huwamwagia kemikali inayofanana na sukari ya maziwa. Bakteria hudhani maziwa yameingia, huwasha mitambo yao ya kuyashughulikia, na kumbe kwenye swichi ile ile imeunganishwa jeni ya binadamu. Kemikali hiyo hawawezi kuila, kwa hiyo haipungui na swichi haizimiki. Wanaendelea kuunda protini ya ubongo kwa ajili ya chakula ambacho hawatakila kamwe.

Ya mwisho ni kuitafuta protini hiyo katikati ya maelfu ya protini za bakteria. Hapa uzi huongezewa shanga 6 za histidini mwishoni, kwa sababu histidini hupenda kung'ang'ania nikeli. Supu ya bakteria waliopasuliwa humiminwa kwenye mrija wenye chembe za nikeli. Vyote hupita, mwenye mkia wa histidini hubaki amenasa.

Binadamu, nguruwe na panya wana BDNF ile ile

Kabla ya bakteria kuajiriwa, BDNF ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe karibu na Munich, Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 1982: kilo moja na nusu ya ubongo kwa mikrogramu 1. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi, kwa hiyo ungehitaji kilo 90 za ubongo kupata BDNF yenye uzito wa punje hiyo.

Jeni yake ilipochambuliwa mwaka 1989 na baadaye kulinganishwa kwa wanyama wengine, ilionekana kwamba BDNF iliyokomaa, shanga 119, ni ile ile kwa binadamu, nguruwe na panya. Hakuna ushanga hata mmoja uliobadilika. Maumbile yakikataa kugusa kitu kwa mamilioni ya miaka, jua kitu hicho kina kazi nzito.

Mwaka 1995 ikagunduliwa kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu huongeza maagizo ya kuunda BDNF katika ubongo. Wanariadha wanaopanda vilima vya Ngong alfajiri, basi, huenda hawajengi miguu peke yake. Ila kuidunga moja kwa moja kama dawa hakukufua dafu: katika miaka ya 1990 BDNF ya maabara ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 1,000 wenye ugonjwa wa ALS, unaoua neva za misuli, na haikurefusha maisha yao. Ubongo una ukuta wa ulinzi, na wageni waliomo kwenye damu hawaingii kirahisi.

Protini inayochemshwa na isiive

Protini nyingi zikichemshwa huganda na kuharibika moja kwa moja. Tau, inayoshikilia vijiti vya usafiri ndani ya seli za neva, haijali. Iligunduliwa mwaka 1975 katika maabara ya Marc Kirschner, Princeton, na siku hizi watafiti huitumia tabia hiyo kama njia ya mkato: wanawapasua bakteria waliounda tau ya binadamu, wanachemsha mchanganyiko wote, wanauzungusha kwa kasi. Takataka zilizoganda hukaa chini, na tau hubaki ikiogelea juu, shanga 441, salama salimini.

Siri yake ni uvivu. Protini nyingine hujikunja kwa umbo maalumu na joto hulivunja umbo hilo; tau haina umbo la kuvunjwa, ni uzi unaoning'inia tu. Hapa Kitengela, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kwa tau hiyo haina tofauti yoyote. Lakini uzi huu mpole ndio unaojisokota na kuwa mafundo katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Tau ya bakteria huwaruhusu watafiti kuuangalia usokotaji huo hatua kwa hatua kwenye kichupa, jambo lisilowezekana ndani ya kichwa cha mtu aliye hai.

Mwanao ameshachanjwa kwa kazi ya hamira

Kama unadhani haya ni mambo ya mbali, fungua kijitabu cha kliniki cha mtoto wako. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakipata ndani ya sindano ya magonjwa matano tangu 2001, ni protini ya virusi iliyoundwa na hamira, na ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1986 ndiyo iliyokuwa chanjo ya kwanza ya binadamu ya aina hiyo. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019 ni kazi ya hamira pia. Na insulini ya binadamu inayowekwa kwenye friji za wagonjwa wa kisukari? Bakteria waliiunda kwa mara ya kwanza mwaka 1978, ikaruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1982.

Watoto walioponea, na wasioponea

Hiki ni kisa kizito, lakini hakiwezi kurukwa. Kuanzia 1963 hadi 1985, watoto wapatao 7,700 nchini Marekani ambao hawakuwa wakikua walidungwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ya watu waliokufa. Waliongezeka kimo. Kisha baadhi yao wakaanza kufa wangali vijana kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaotoboa ubongo ukabaki kama sponji. Dawa ilikuwa imebeba protini mbovu kutoka kwa ubongo wa marehemu.

Ugawaji ulisimamishwa mwaka 1985, na mwaka huo huo homoni iliyotengenezwa na bakteria ikaidhinishwa. Bakteria hawana ubongo wa kuambukiza mtu. Januari 2024 watafiti wa London waliongeza sura nyingine: baadhi ya watu waliodungwa homoni ile ya zamani utotoni walikuwa wamepata ugonjwa unaofanana na Alzheimer miongo mingi baadaye. Mtu akikuuliza kwa nini wanasayansi hawaridhiki na protini "ya asili", mpe kisa hiki.

Sumu ya nyoka, mate ya panya, tone la jicho

Protini ya kwanza kabisa kujulikana kuzikuza neva, NGF, ilipatikana kwa wingi mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutafuta: kwenye sumu ya nyoka. Stanley Cohen aliitumia sumu hiyo kama kifaa cha kusafishia sampuli zake, akashtuka kuona yenyewe inaotesha neva kuliko sampuli. Akajiuliza ni tezi gani ya mnyama mwingine inayofanana na tezi ya sumu, akaenda kwenye tezi za mate za panya dume. Humo akakuta hazina.

Mwenzake, Rita Levi-Montalcini, alikuwa amezoea kufanya makubwa kwa vidogo. Sheria za kibaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilipomfungia milango ya chuo kwa sababu ni Myahudi, aliweka maabara katika chumba chake cha kulala mjini Turin na kuchunguza neva za vifaranga ndani ya mayai. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, naye Rita akaishi hadi miaka 103. Leo NGF ya binadamu iliyoundwa na E. coli ni dawa ya matone ya kutibu kioo cha jicho kilichopoteza hisia. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2017, Marekani 2018.

Nyoka wa pwani yetu yumo kwenye friji za maabara

Nyoka wa kijani wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, Dendroaspis angusticeps, ana sumu yenye protini iitwayo dendrotoksini. Mwaka 1980 Alan Harvey na Evert Karlsson waliieleza, na tangu hapo imekuwa kifaa cha kila siku cha wanaochunguza neva: huziba milango fulani ya potasiamu kwenye seli za neva na kuacha mingine wazi, hivyo mtafiti hujua mlango upi unafanya kazi ipi. Binamu yake mweusi naye alichangia. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitoa kwenye sumu yake protini ndogo iliyotuliza maumivu ya panya kwa nguvu ya mofini.

Damu ya buluu ya kukagua kazi

Bakteria akipasuka, huacha mabaki ya ngozi yake yenye sumu, na hata chembe chache zinaweza kuzichokoza seli za ulinzi za ubongo. Mtafiti akiona seli zimechachamaa atasifu au kulaumu protini yake, kumbe ni uchafu. Kwa miongo mingi mkaguzi mkuu amekuwa damu ya mnyama wa baharini mwenye gamba kama kofia ya askari, Limulus, anayeishi pwani ya mashariki ya Marekani. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hutumia shaba badala ya chuma, na huganda mara inapokutana na mabaki hayo.

Halafu? Wanasayansi wawili wa Singapore, Jeak Ling Ding na Bow Ho, waliichukua jeni inayoanzisha kuganda huko kwa jamaa yake wa Asia na kuipandikiza kwenye seli za maabara. Protini rekombinanti sasa hukaguliwa kwa protini rekombinanti.

Herufi moja iliyokunja ubongo

Kando ya barabara ya Magadi, Olorgesailie, mashoka ya mawe yamelala juu ya ardhi kwa maelfu, na Louis na Mary Leakey walianza kuyachunguza katika miaka ya 1940. Waliokuwa hawajaonekana ni watengenezaji wenyewe, hadi mwaka 2003 ambapo kundi la Rick Potts na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya lilipata vipande vya fuvu la miaka zaidi ya 900,000. Fuvu la mtu mzima, na dogo ajabu.

Ubongo ulikuaje kutoka pale hadi hapa? Jibu kamili ni refu, ila kipande kimoja kinapendeza kukisimulia. Binadamu ana jeni iitwayo ARHGAP11B ambayo sokwe hana. Nguvu yake inatokana na herufi moja tu iliyobadilika. Mwaka 2015 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliipandikiza kwa vijusi vya panya, ambao ubongo wao kwa kawaida ni laini kama yai, na baadhi wakaanza kuota mikunjo. Mwaka 2020 ikajaribiwa kwa vijusi vya nyani wadogo wa Amerika Kusini: gamba la ubongo likatanuka.

Vijidudu vya magadi na swichi za ubongo

Hadi hapa tumeona protini za ubongo zikihamia kwa vijidudu. Safari ya kurudi ina maajabu zaidi.

Ziwa Magadi halifai kwa karibu kila kiumbe. Maji yake yana magadi na chumvi kiasi cha kuchubua ngozi, na kampuni imekuwa ikichota magadi hapo kwa zaidi ya miaka 100. Ule wekundu unaouona ukisimama ukingoni ni vijidudu vinavyopenda chumvi. Mwaka 1984 Brian Tindall, Helen Ross na William Grant walivipa baadhi yao jina la ukoo, Natronobacterium. Wawili walitoka Magadi: magadii, kwa heshima ya ziwa lenyewe, na gregoryi, kwa heshima ya J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Wa tatu, pharaonis, alijulikana kwanza kutoka maziwa ya magadi ya Wadi Natrun, Misri.

Huyo pharaonis ana protini kwenye ngozi yake ambayo ikipigwa na mwanga wa manjano husukuma kloridi ndani ya seli. Kwake ni namna ya kuishi kwenye chumvi. Mwaka 2007 makundi ya Karl Deisseroth na Ed Boyden, Marekani, yaliiweka jeni ya protini hiyo ndani ya seli za neva. Washa taa ya manjano, kloridi inaingia, neva inanyamaza. Zima taa, inazungumza tena. Mnyama wa maabara anaweza kuzimiwa kikundi kidogo tu cha neva huku ubongo wake wote ukiendelea na shughuli, na mtafiti akajua kikundi hicho kina kazi gani.

Gregoryi, yule wetu kabisa, alipata umaarufu wa aina nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa China walidai protini yake moja inaweza kuhariri jeni kama mkasi mpya. Dunia ikakimbilia kurudia jaribio, ikashindwa, na Agosti 2017 makala ikaondolewa. Kijidudu cha Kajiado kikawa kimetikisa sayansi ya dunia kwa miezi kumi na tano bila kutoka kwenye matope yake.

Na hii si michezo ya panya peke yake. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mwanamume wa miaka 58, aliyekuwa amepofuka, alidungwa jichoni jeni ya protini ya mwani inayohisi mwanga. Akivaa miwani maalumu aliweza kuona vitu vilivyo mezani, kuvihesabu na kuvigusa.

Protini ya nyani dhidi ya malale

Nguruman, magharibi mwa Magadi, wafugaji na watafiti walitengeneza katika miaka ya 1980 mtego wa mbung'o unaotumia harufu ya mkojo wa ng'ombe. Jina lake, NGU, linatokana na mahali hapo. Mbung'o hueneza malale, ugonjwa unaoingia hadi kwenye ubongo na kuvuruga usingizi. Nyani anaumwa na mbung'o hao hao na haumwi malale, kwa sababu damu yake ina protini inayoviua vimelea, pamoja na vile vinavyoishinda protini ya binadamu ya aina hiyo. Mwaka 2012, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, alizaliwa kwa njia ya kunakili seli fahali wa Boran aliyeitwa Tumaini, hatua ya kwanza ya mpango wa kuwapa ng'ombe jeni hiyo ya nyani.

Mbuzi anayezunguka

Mfugaji yeyote amemwona: mbuzi au kondoo anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, mwisho anaanguka. Wamaasai wa upande wa Ngorongoro humwita mwenye ormilo. Mara nyingi ukipasua fuvu utakuta mfuko wa maji ndani ya ubongo, na ukutani mwake vidoa vyeupe vingi. Kila kidoa ni kichwa cha mnyoo tegu anayesubiri. Anasubiri mbwa. Mbwa akila ubongo ule, tegu hukomaa utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, yanaanguka malishoni, na mzunguko unaanza upya.

Tegu wa nguruwe, ambaye ni jamaa yake, huingia hadi kwenye ubongo wa binadamu. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yaliyoathirika anasababisha asilimia 30 ya visa vya kifafa. Na hapa hamira inarudi kazini: chanjo iitwayo TSOL18, protini ya tegu mwenyewe iliyoundwa na hamira, hudungwa nguruwe ili mabuu yasimkalie. Ikiambatana na dawa ya minyoo, imejaribiwa vijijini Tanzania na Uganda na kuwakinga nguruwe vizuri sana. Chanjo ya kondoo ya aina hiyo imejaribiwa pia, ila katika duka la dawa za mifugo huko Kitengela usitarajie kuipata kwa sasa.

Ya kufanya leo hayahitaji maabara. Ukichinja, usimtupie mbwa kichwa kibichi. Kichemshe kiive kabisa au kichome. Funika shimo la choo, nguruwe wasifike. Na mbwa wa boma mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, au kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza.